Hitilafu ya Karibu Yenye Sura ya Mbali

Miongoni mwa malalamiko yanayowafikia mafundi wa mitandao katika miji ya pwani yetu, hakuna lililozoeleka kuliko hili: kwamba mtandao wa ofisi ni mzuri kwa mambo ya hapa nchini, kipimo cha kasi hutoa hesabu ya kupendeza, video hutazamika bila kukwama, ila faili zinazopelekwa kwenye seva iliyoko Ulaya hutambaa, mikutano ya kuonana kwa kompyuta hukatika maneno, na mfumo wa hesabu uliowekwa London humchosha mhasibu kwa kungoja ukurasa mmoja ufunguke. Mlalamikaji, kwa kuwa ni mtu mwenye akili na ameona kwa macho yake kwamba cha karibu ni chepesi na cha mbali ni kizito, aghalabu huwa amekwisha kutoa hukumu kabla fundi hajafika: tatizo liko baharini, au liko Ulaya, au liko kwa mtoa huduma anayeibana njia ya kwenda ng'ambo. Ninachotaka kukionyesha katika safu hii ni kwamba hukumu hiyo, ijapokuwa inaonekana ya haki, haitokani na ushahidi uliotolewa. Kwani upotevu mdogo wa pakiti uliomo ndani ya jengo la mlalamikaji mwenyewe huzaa dalili zile zile, na vyombo viwili tunavyovitegemea katika uchunguzi, yaani ufuatiliaji wa njia na kipimo cha kasi, vikisomwa kwa pupa huitia nguvu dhana hiyo badala ya kuisahihisha.

Si ajabu watu wa pande hizi kuushuku mkongo wa baharini kabla ya kuushuku waya wa ukutani. Hadi mwaka 2009 mawasiliano yetu ya intaneti na ng'ambo yalitegemea satelaiti zilizokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na pakiti iliyopanda hadi huko ikashuka, kisha jibu lake likapanda na kushuka vilevile, haikuweza kurudi kabla ya milisekunde 480 kupita, hata kama mitambo yote ingefanya kazi bila ya ajizi. Ukaja mkongo wa SEACOM Julai 2009, TEAMS ukafuata mwaka huo huo ukitoka Mombasa kwenda Fujairah, na EASSy mwaka 2010. Umbali ukabaki ule ule, lakini njia ikawa fupi. Tangu hapo mikongo hiyo imetufundisha pia namna ya kuumia. Februari 2012 nanga ya meli iliukata TEAMS karibu na Mombasa. Februari 2024 mikongo kadhaa ilikatika katika Bahari ya Sham, ukiwamo ule wa SEACOM. Na kabla haujatengenezwa, Jumapili ya tarehe 12 Mei mwaka huo, EASSy na SEACOM ikakatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya zaidi. Mtu aliyepita katika siku zile, akaona benki zinasuasua na ujumbe wa simu hauendi, ana udhuru mzuri wa kuitazama bahari kwanza kila mtandao unaposumbua. Lakini mkongo ukikatika hauna siri: humwumiza kila mtu aliyeutumia, kwa saa ile ile, kwa kila safari ya ng'ambo. Ofisi moja inayolalamika mwezi mzima, huku jirani zake wa ghorofa ya chini wanaendelea na kazi zao na seva za huko huko Ulaya, haina dalili za mkongo.

Tuanze na ufuatiliaji wa njia, kwa kuwa ndicho chombo kinachoaminiwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi. Kila pakiti inayosafiri katika intaneti hubeba kichwani mwake tarakimu ndogo, isiyoweza kuzidi 255, ambayo kila ruta inayoipitisha huipunguza kwa moja. Na tarakimu hiyo ikifika sifuri kabla pakiti haijawasili, ruta iliyoikuta sifuri huitupa pakiti ile na kumrudishia mpelekaji taarifa fupi kwamba muda wake umekwisha. Jambo hili liliwekwa kwa kusudi moja tu, ili pakiti zilizopotea njia zisizunguke milele. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 Van Jacobson, aliyekuwa katika maabara ya Lawrence Berkeley huko California, alilitumia kwa kazi nyingine kabisa. Programu yake, traceroute, hutuma kwa makusudi pakiti yenye tarakimu 1, ikafia kwenye ruta ya kwanza. Kisha yenye 2, ikafia kwenye ya pili. Kisha yenye 3. Na taarifa za vifo hivyo, zikipangwa kwa mfuatano, huwa ni orodha ya ruta zote zilizo njiani, kila moja na muda wa kwenda na kurudi kwake. Kwa desturi hutumwa pakiti tatu kwa kila kituo, na safari hukomea kituo cha 30 ikiwa mwisho haujaonekana.

Hila hii ni nzuri mno, na kwa swali la “pakiti zangu zinapita wapi?” hakuna chombo kinachoishinda. Wakati ambapo makampuni ya intaneti ya Nairobi hayakuwa na mahali pa kukutana, barua pepe iliyotoka mtaa mmoja kwenda mtaa wa pili ilivuka bahari ikaenda kuzunguka ughaibuni na kurudi, na ufuatiliaji wa njia uliyaanika hayo bila kuficha: majina ya ruta za Ulaya au Marekani katikati ya safari ambayo mtu angeimaliza kwa miguu. Wenye makampuni hayo walifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, mwishoni mwa mwaka 2000; kampuni ya simu ya taifa, iliyokuwa na haki ya peke yake ya mawasiliano ya ng'ambo, ikalalamika, kituo kikafungwa baada ya majuma machache tu, na ikabidi mashauri yaendelee hadi kikaruhusiwa tena Februari 2002. Dar es Salaam ikapata cha kwake mwaka 2004. Hata leo, baada ya hayo yote, si nadra kukuta kampuni mbili za mji mmoja ambazo hazijakubaliana kupokezana mawasiliano, na wateja wao wakalipa kwa milisekunde mia na zaidi kile ambacho kingewagharimu mbili au tatu. Hapo ufuatiliaji wa njia hutoa jibu kamili, na hoja yangu haihusiki.

Taabu huanza pale mtu anapoigeuza orodha hiyo ya vituo kuwa orodha ya watuhumiwa. Ruta ni shahidi asiyelazimishwa kusema, na anaposema husema kwa kujitolea, akiwa amekwisha kumaliza kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kazi yake ni kupitisha pakiti, na kazi hiyo katika ruta kubwa hufanywa na vipande maalumu vya mitambo vinavyopitisha mamilioni ya pakiti kwa sekunde bila kuzitafakari. Ilhali kuandika taarifa ya kwamba pakiti fulani imekufa ni kazi ya kichwa cha ruta, prosesa ndogo yenye shughuli nyingi, ambayo mafundi huiwekea kiwango cha taarifa zisizopaswa kuzidi kwa sekunde, ili mtu mwovu asiichoshe kwa maswali. Kwa hiyo ruta inaweza kupitisha kila pakiti yako salama salimini, na wakati huo huo ikakujibu kwa kuchelewa, au ikajibu swali moja katika matatu, au isikujibu kabisa ikakuachia vinyota vitatu. Ukimya wake si ugonjwa wake.

Tuseme basi kuna ofisi ya wakala wa forodha huko Kurasini, Dar es Salaam, yenye huduma ya megabiti 50 kwa sekunde, iliyounganishwa na mnara wa mtoa huduma kwa antena ndogo iliyofungwa juu ya paa. Fundi akitumia mtr, programu inayorudia ufuatiliaji bila kukoma na kujumlisha matokeo, ataona mambo ya namna hii: mstari wa 1 ni ruta ya ofisi, milisekunde 1, wa 2 hadi wa 5 ni wa mtoa huduma, milisekunde 3 au 4, wa 6 unaruka ghafla hadi 128, na katika jina lake zimo herufi “mrs”, wa 7 unaonyesha 310 na upotevu wa asilimia 40, wa 8 ni vinyota vitupu, wa 9 ni 150, na mstari wa mwisho, seva yenyewe iliyoko London, ni 160 bila upotevu hata kidogo. Mlalamikaji wetu huipiga picha skrini, akauzungushia mstari wa 7 duara jekundu, akaipeleka kwa huduma kwa wateja pamoja na maneno makali. Na kijana wa huduma kwa wateja, ambaye naye hakufundishwa, humwomba radhi kwa niaba ya ruta ya Ulaya isiyo na hatia.

Maana mstari wa 7 haukufanya kosa lolote. Lau ungekuwa unapoteza kweli asilimia 40 ya pakiti zinazoupitia, basi mistari yote iliyo nyuma yake, ambayo pakiti zake hazina budi kuupitia huo wa 7, ingepoteza kiasi hicho au zaidi. Na lau ungekuwa unazichelewesha kwa milisekunde 310, seva ya London isingeweza kujibu kwa 160. Kanuni ni nyepesi, nayo huwapita watu kila siku: upotevu au ucheleweshaji una maana ukianzia kituo fulani na kuendelea hadi mwisho wa safari, na ukionekana katikati kisha ukatoweka, hauna maana yoyote. Richard Steenbergen aliieleza kwa kirefu mbele ya wahandisi wa mitandao wa Amerika Kaskazini mwaka 2009, na bado, kwa kadiri nionavyo, nusu ya ripoti zinazopelekwa kwa watoa huduma zingetupwa kapuni kama ingefuatwa.

Mruko ule wa kutoka 4 hadi 128 nao huwatia watu hofu bure. Nuru ndani ya uzi wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita 100 za mkongo huongeza milisekunde moja katika safari ya kwenda na kurudi; na kutoka pwani yetu hadi Marseille, ambako mikongo mingi ya upande huu hutua na ambako ndiko “mrs” ilikoonyesha, kuna zaidi ya kilomita 8,000. Milisekunde 80 na zaidi ni bahari yenyewe, na hakuna fundi awezaye kuipunguza. Zilizobaki ni mizunguko ya mkongo, mitambo ya njiani, na njia ya kurudia. Na hapa kuna tahadhari nyingine, kwamba orodha ile huonyesha njia ya kwenda peke yake. Jibu laweza kurudi kwa njia nyingine kabisa, pengine kwa kupitia Afrika Kusini, na kuchelewa kwake kote kukaandikwa kwenye jina la ruta ya kwendea. Ndiyo maana ufuatiliaji wa upande mmoja ni nusu ya habari, na mtu mwenye azma ya kujua hutafuta wa upande wa pili pia, ama kwa kumwomba mwenye seva aufanye, ama kwa kutumia kurasa za hadhara ambazo makampuni mengi makubwa huziweka ili mtu yeyote aanzishe ufuatiliaji kutoka kwao.

Sasa ripoti ya Kurasini inasema nini, ikisomwa ipasavyo? Inasema kwamba njia ni safi na umbali ni wa kawaida. Wala haiwezi kusema zaidi ya hapo, kwa sababu ambayo nitaifikia punde.

Kipimo cha kasi kina udhaifu wa aina nyingine. Kile maarufu kuliko vyote, Speedtest cha kampuni ya Ookla, kilichoanza mwaka 2006, hutafuta kwanza seva iliyo karibu na mtumiaji, ambayo mara nyingi ni seva iliyowekwa na mtoa huduma mwenyewe au iliyomo mjini humo humo. Kisha hufungua miunganisho kadhaa kwa wakati mmoja ili kuujaza mrija. Si udanganyifu, ndivyo inavyopasa kupimwa ikiwa swali ni “je, nimepewa megabiti nilizozilipia kati ya dawati langu na mtoa huduma?” Bali mtu wa Kurasini hakuwa na swali hilo. Yeye ana faili moja, kwenye muunganisho mmoja, inayokwenda London. Kumjibu kwa hesabu ya miunganisho mingi inayokwenda mtaa wa pili ni kumjibu mtu mwingine.

Na ushahidi wa video nao haufai. Google imeweka hifadhi za video zake ndani ya mitandao ya watoa huduma wengi, kwa hiyo kinachotazamwa sana hakivuki bahari. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2016 kampuni hiyo imekuwa na kanuni yake ya kudhibiti mwendo wa pakiti, BBR, isiyoshtushwa na upotevu mdogo kama zinavyoshtushwa kanuni za zamani. Video inayocheza vizuri inathibitisha kwamba video inacheza vizuri.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Data nyingi za intaneti huendeshwa kwa itifaki ya TCP, ambayo haijui upana wa njia iliyo mbele yake, bali huupapasa: huongeza mwendo kidogo kidogo kila inapopata habari kwamba zilizotangulia zimefika, na ikigundua kwamba moja imepotea, hudhani kuna msongamano mbele, ikapunguza mwendo kwa ghafla, kisha ikaanza tena kupanda. Kila hatua ya kupanda hungoja jibu kutoka upande wa pili. Kama jibu huchukua milisekunde 4, hatua 250 hupandwa katika sekunde moja na anguko husahaulika kabla mtu hajapepesa. Kama huchukua 160, hatua zinazopandwa katika sekunde ni sita tu, na kabla TCP haijarudi ilikokuwa, pakiti nyingine inapotea nayo inaanguka tena. Mwaka 1997 Matthew Mathis na wenzake watatu waliiweka hali hii katika hesabu fupi: mwendo wa juu ambao muunganisho mmoja waweza kuufikia huwa sawia na ukubwa wa pakiti, na hupungua kwa kadiri ya muda wa kwenda na kurudi ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha upotevu.

Tuzitie tarakimu. Chukua pakiti ya kawaida yenye baiti 1,460 za data, na chukua upotevu wa pakiti moja katika kila elfu moja, kiasi ambacho hakuna mtu angekiita ugonjwa. Kwa seva ya hapa mjini, iliyo umbali wa milisekunde 4, hesabu hutoa zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde; huduma ya ofisi ile ni 50, kwa hiyo kipimo cha kasi kitaandika 48 au 49 na kila mtu ataridhika. Kwa seva ya London, iliyo umbali wa milisekunde 160, upotevu ule ule, uliotokea mahali pale pale, hutoa megabiti zisizofika 3. Kanuni za kisasa zaidi hupata nafuu kidogo, lakini sura ya jambo haibadiliki. Pakiti moja katika elfu ikipotea juu ya paa la Kurasini haigusi chochote cha Dar es Salaam, na huvunja kila kitu cha Ulaya. Na mlalamikaji, akiwa na vipimo viwili sahihi mkononi, huiona hitilafu imesimama wazi katika Bahari ya Sham.

Na hii ndiyo ile sababu niliyoahidi kuitaja. Ufuatiliaji wa njia unaotuma pakiti tatu kwa kila kituo, hata ule unaotuma mia, hauwezi kuuona upotevu wa moja katika elfu ila kwa bahati; aghalabu utaandika sifuri, na sifuri hiyo itasomwa kuwa ni afya. Fundi mwenye subira hutumia ping, programu aliyoiandika Mike Muuss Desemba 1983, akatuma si pakiti kumi bali elfu tano, tano kwa kila sekunde, jambo linalochukua kama dakika 17. Tena huzitia uzito, baiti 1,400 badala ya zile 56 za desturi, kwa sababu waya mbovu huweza kupitisha pakiti ndogo zisidhurike na kuziharibu kubwa. Huzituma kwanza kwenye ruta ya ofisi, kisha kwenye kituo cha kwanza cha mtoa huduma, kila kimoja peke yake. Na huzituma wakati kazi zinaendelea, maana kuna kasoro zisizojitokeza usiku ofisi ikiwa tupu.

Lakini kabla ya kuutafuta upotevu ni vyema kuthibitisha kwamba upo, na hapo chombo kinachofaa ni iperf3, kinachotunzwa na ESnet, mtandao wa watafiti wa Idara ya Nishati ya Marekani, nacho hupima mwendo kati ya kompyuta mbili unazozitawala mwenyewe. Mwenye ofisi akikodi seva ndogo huko London kwa siku moja, anaweza kuyauliza maswali yake kwa mpango. Muunganisho mmoja unatoa kiasi gani? Tuseme 2.8. Miunganisho minane kwa pamoja je? Ikiwa inatoa jumla ya 22, basi mrija haujajaa, mkongo hauna lawama, na mtoa huduma habani kitu. Kila muunganisho unazuiwa peke yake na jambo linaloupata mmoja mmoja. Ikiwa minane inagawana ile ile 2.8, basi kuna mlango mwembamba mahali fulani, na mteja ana haki ya kupiga kelele. Sioni kipimo kingine kinachotenganisha mambo mawili kwa uwazi kama hiki kwa kazi ndogo kama hii, na nastaajabu kuwa hakimo katika maswali ya kwanza ya kila dawati la huduma.

Baada ya hapo kuna mtego mmoja. Zipo kompyuta na vifaa vya zamani ambavyo havikuruhusu kuwapo njiani, bila ya kupokewa jibu, zaidi ya baiti 65,535 kwa wakati mmoja. Marekebisho yake yaliandikwa tangu mwaka 1992, ila bado hukutwa vifaa vya usalama vinavyoyafuta njiani. Kiasi hicho kikigawanywa kwa milisekunde 160 hutoa megabiti 3.3 kwa sekunde, jirani mno na ile 2.8 ya upotevu, na mtu akitazama hesabu ya mwisho peke yake hawezi kuzipambanua. Zitazamwe sekunde kwa sekunde. Ile ya ukomo wa baiti hunyooka kama uzi, 3.3, 3.3, 3.3, na safu iitwayo “Retr”, inayohesabu pakiti zilizotumwa upya, hubaki sifuri. Ile ya upotevu hupanda na kuanguka, 4.1, 2.0, 3.2, 1.7, na safu ya Retr haikosi moja au mbili kila baada ya sekunde chache. Kisha kipimo kigeuzwe kwa “-R”, London itume na Kurasini ipokee. Upotevu ukiwa wa upande mmoja tu, mojawapo ya pande hizo itakuwa safi, na uwanja wa msako utakuwa umepungua nusu.

Katika ofisi yetu ya mfano, Retr inahesabu, ping nzito ya kwenda ruta ya ofisi ni safi, na ile ya kituo cha kwanza cha mtoa huduma inapoteza tano katika elfu tano. Baina ya viwili hivyo kuna waya wa mita thelathini unaopanda ukutani, kiunganishi, na antena. Ruta ya ofisi ina ukurasa unaohesabu makosa ya kila mlango wake, ambao hakuna mtu aliyeufungua tangu siku iliyofungwa. Hapo hesabu ya fremu zilizofika zikiwa zimeharibika, ambazo ruta huzitupa kimya kimya bila kumwarifu mtu, ni maelfu, na ukiutazama tena baada ya saa moja zimeongezeka. Hewa ya bandarini ina chumvi, na kiunganishi kisichofungwa kwa mpira na kupakwa grisi hakimalizi masika mawili kabla ya shaba yake kuota kijani. Mwingine angekuta badala yake mlango mmoja umelazimishwa kwa mkono kutuma na kupokea kwa pamoja, na ule wa upande wa pili umeachwa ujipangie, ukaangukia kupokezana zamu: kasoro kongwe, ambayo ping ndogo huipita bila kuigusa na faili kubwa hujikwaa kila mara.

Ipo hitilafu nyingine ya karibu inayojivika sura ya mbali, nayo haipotezi pakiti bali huzilimbikiza. Karibu na mwaka 2010 Jim Gettys alianza kuwaonyesha wahandisi wenzake kwamba ruta za majumbani zilikuwa zimejazwa kumbukumbu nyingi kupita haja, kwa dhana kwamba pakiti isipotupwa ni faida. Matokeo yake, simu moja tu ikianza kupeleka picha zake kwenye hifadhi ya mbali, foleni ndani ya ruta hurefuka, na pakiti ya sauti ya mkutano husimama nyuma ya picha za arusi. Ucheleweshaji uliokuwa milisekunde 5 huwa 500 au 800, kisha picha zikiisha hurudi 5, na fundi anayefika baadaye hakuti kitu. Dawa ya uchunguzi ni kupima muda wa kwenda na kurudi hadi kituo cha kwanza cha mtoa huduma huku kipimo cha kasi kikiendelea. Ukipaa wakati wa kupakia na kushuka kinapokoma, foleni imepatikana, na marekebisho yake yamo katika ruta zenye uwezo wa kuzipanga foleni kwa haki.

Fundi akishapanda paani, akakata sehemu iliyoliwa, akakibana kiunganishi kipya na kukifunga vizuri, arudi kwenye ukurasa ule wa makosa, azifute hesabu zianze upya, na autazame baada ya siku nzima ya kazi. Kisha arudie kipimo cha muunganisho mmoja hadi London. Kikipanda hadi 40 asubuhi na kushuka hadi 9 kila jioni, huku hesabu ya makosa ikibaki sifuri na miunganisho minane ikigawana ile 9 bila kuiongeza, lililobaki ni la mtoa huduma. Na barua inayokwenda kwake ifungiwe vipimo vya asubuhi na vya jioni, na ufuatiliaji wa kutoka Kurasini na ule wa kutoka London, vyote vikiwa na saa zake.